Nguo za Kuvaa Kwenye Meli ya Kitalii: Mwongozo kwa Anayepanda Mara ya Kwanza

Likizo za Desemba zikikaribia, simu yangu haitulii. "Kaka, mwanangu katulipia safari ya meli huku Marekani, barua inasema kuna usiku wa gala, yaani jioni ya kuvaa rasmi. Suti ni lazima?" Mwingine anauliza kama ataruhusiwa kuketi mezani na buibui lake. Mwingine ana kanzu nzuri aliyoivaa harusini na hataki kununua taksido, ile suti nyeusi ya sherehe inayovaliwa na tai ya kipepeo. Maswali ni yaleyale, na ni ya haki, kwa sababu kampuni za meli zinatumia maneno ambayo mtu asiyewahi kupanda hana cha kuyapimia.

Nilikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa meli hizi kwa miaka saba, na jioni nyingi nilisimama mlangoni kupokea wageni. Nimemwona mwenye masanduku matatu akikosa cha kuvaa usiku wa tatu, na mama mwenye begi moja akipendeza safari nzima. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia jamaa zangu.

Shika hili kwanza: kanuni ya mavazi melini inakwenda na saa na chumba. Mchana utazunguka na kaptura na ndala bila mtu kujali. Jioni ikiingia, kumbi fulani zinabadilika na kumbi nyingine zinabaki vilevile. Ukijua chumba kipi kinataka nini usiku upi, huna tena cha kuhofia.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Ratiba kamili ya safari, inayoonyesha siku za bandarini na siku ambazo meli inashinda baharini.
- Ukurasa wa mavazi wa kampuni yako, ulioandikwa kwa ajili ya safari za mwaka huu. Usitegemee video ya miaka mitano iliyopita.
- Programu ya simu ya kampuni hiyo. Huko ndiko utakakosoma kila siku jioni inavaliwaje.
- Kiwango cha mizigo cha ndege itakayokupeleka bandarini. Meli inaweza kuwa na ukarimu wa masanduku, ndege haina.
- Fundi cherehani unayemwamini, na muda wa kutosha kabla ya safari. Mpe wiki tatu au zaidi, kwa maana ahadi za fundi unazijua.

Hatua ya 1: Jua kampuni yako inavaaje

Meli hazifanani, na hapa ndipo wengi wanapotea. Wanasikia habari za meli ya mtu mwingine, wanajiandaa kwa meli hiyo.

Kampuni inayoshikilia urasmi kuliko nyingi ni Cunard ya Uingereza, yenye Queen Mary 2, Queen Victoria, Queen Elizabeth na Queen Anne. Usiku wao wa gala ni gala kweli: mwanamume taksido au suti ya rangi iliyokoza na tai, mwanamke gauni la jioni. Baadhi ya usiku huo una mada, kwa mfano nyeusi na nyeupe, au barakoa za sherehe. Hata usiku usio wa gala, kuanzia saa kumi na mbili jioni watu huvaa nadhifu.

Kundi la kati ndilo kubwa: Carnival, Royal Caribbean, Princess, Holland America, Celebrity, MSC na Costa. Huko kuna usiku mmoja au zaidi wa kupendeza, lakini suti kamili si sharti kwa kila mtu. Majina yanatofautiana. Utakuta "Elegant" kwa Carnival, "Evening Chic" kwa Celebrity, "Dressy" kwa Holland America, "Gala" kwa MSC. Yote yasome hivi: vaa kama unavyokwenda harusini kama mgeni, si kama bwana harusi.

Kundi la tatu halina usiku rasmi wa kulazimisha. Kampuni ya Norwegian walianza utaratibu wao wa kila mtu kuvaa na kula kwa uhuru mwaka 2000. Oceania na Viking nao hawana usiku wa taksido, ingawa wanataka unadhifu wakati wa chakula cha jioni. Kutokuwepo gala hakumaanishi fulana ya kulalia.

Hatua ya 2: Hesabu usiku

Chukua karatasi, andika kila usiku wa safari kwenye mstari wake. Carnival, kwa mfano, huweka usiku mmoja wa "Elegant" katika safari ya siku mbili hadi tano, na usiku wa namna hiyo mara mbili katika safari ya siku sita na kuendelea. Queen Mary 2 akivuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa usiku saba, kwa kawaida gala huwa mbili.

Kama kampuni haijatangaza tarehe, zikisie. Usiku rasmi hupangwa mara nyingi siku ambayo meli imeshinda baharini, kwa sababu watu wana muda wa kuoga na kujipamba. Usiku wa kwanza huwa wa kawaida, kwani masanduku huenda hayajafika vyumbani. Usiku wa mwisho pia huwa wa kawaida, kwani yameshafungwa.

Halafu angalia saa ya chakula chako. Kumbi nyingi zina zamu mbili, ya mapema karibu saa kumi na mbili jioni na ya pili karibu saa mbili au mbili na nusu usiku. Karatasi ya meli itaandika 18:00 na 20:30. Nimewapokea wageni wetu waliochelewa zamu yao kwa sababu ya hesabu hiyo ya saa, wamevaa vizuri na njaa inawauma.

Hatua ya 3: Amua kama utashiriki

Usiku rasmi haumlazimishi mtu kuuvaa. Usipotaka, utakula bufe au utaagiza chakula chumbani, na chakula hakitakuwa cha adhabu. Kwenye meli za Cunard kuna baa ya Golden Lion na bufe, ambako mtu anakaa bila taksido hata usiku wa gala. Kinachokatazwa ni kuingia ukumbi uliopambwa ukiwa na nguo za bwawani.

Kwa maoni yangu, shiriki angalau mara moja. Wahudumu wameanza kung'arisha vyombo tangu mchana, meza zimekunjiwa vitambaa, wapishi wametoa vyakula wasivyotoa siku nyingine. Ni jioni nzuri.

Zungumzeni kama familia kabla ya kufunga masanduku. Mume akikataa na mke akiwa ameshashonesha gauni, ugomvi utatokea saa kumi na moja jioni, katika chumba ambacho hakina hata nafasi ya mtu kununa.

Hatua ya 4: Andaa nguo za usiku rasmi

*Mwanamume.* Suti moja nyeusi, buluu iliyokoza au kijivu cha mkaa inatosha safari nzima. Shati jeupe, tai ya kawaida au ya kipepeo, mkanda, viatu vyeusi vya ngozi, soksi nyeusi ndefu. Usinunue taksido kwa safari ya wiki moja. Ukiitaka kwa ajili ya Cunard, kodisha mjini kabla ya kuondoka, kwenye maduka yanayokodisha nguo za harusi. Kwenye meli za kundi la kati, shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa vinatosha, koti likiwa nyongeza nzuri. Pesa ambayo ungenunulia suti ya pili mpe fundi arekebishe hiyo moja. Suti ya bei ndogo inayokukaa mwilini inashinda ya bei kubwa inayoning'inia.

*Mwanamke.* Gauni refu, au la magotini lenye kitambaa kizuri, au suruali pana na blauzi ya jioni. Viatu vya mchuchumio mrefu viache nyumbani. Meli inayumba, ngazi zina zulia, na nimewainua wanawake wawili walioteguka vifundo vya miguu papo hapo mlangoni kwangu. Kisigino kifupi kipana kinatosha. Beba mtandio, kwa sababu kipupwe cha ukumbi na cha ukumbi wa maonyesho ni baridi kweli.

*Nguo zetu.* Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapojidharau bila sababu. Vazi rasmi la taifa au la asili ya mtu linakubalika usiku rasmi, hata Cunard. Mskoti anaingia na sketi yake ya mistari na anapigiwa makofi. Wewe nawe ingia na lako.

Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake na kofia ya viua, ni vazi la heshima popote duniani. Waganda wanaijua kanzu na koti kwa harusi zao, na wake zao wana gomesi. Mnyarwanda ana mushanana. Mwenye asili ya Oman ana dishidashi na kilemba. Mama wa Kongo akishona kikwembe chake vizuri, ukumbi mzima utageuka. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa Mombasa akiingia na kanzu na joho jeusi lenye nakshi, na mpiga picha wa meli aliwaacha watu wa taksido akamfuata yeye.

Masharti ni machache. Kwanza, vazi liwe la sherehe, si la kushindia. Dera nalipenda, lakini ni la chumbani na la bwawani, na usiku wa gala litakuangusha. Pili, kitenge kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litarudi fupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na gauni refu liwekewe bitana ndani. Tatu, viatu. Makubadhi mazuri yanakwenda na kanzu, ila kwa gala ningevaa viatu vya kufunika ili mlinzi wa mlango asipate la kuuliza.

Suti ya Kaunda ya mikono mirefu, rangi iliyokoza, inafaa sana usiku wa kundi la kati. Kwa gala ya Cunard chukua suti yenye tai. (Kaunda inabishaniwa hata nyumbani. Bunge la Kenya liliipiga marufuku katika ukumbi wake Novemba 2023.)

*Ushungi, kilemba na kofia.* Kanuni inayokataza kofia mezani inahusu kapelo za michezo. Ushungi, hijabu, kilemba cha Kalasinga na kofia ya kanzu ni sehemu ya vazi. Miaka yote saba sikuambiwa nimzuie mtu kwa hilo. Buibui jeusi lenye nakshi au vito ni vazi la jioni, tena zuri.

Tahadhari moja: jambia la Kiomani, sime ya Kimaasai na silaha nyingine za mapambo ziache nyumbani. Mizigo yote inapita kwenye eksirei, na kisu cha aina hiyo kitachukuliwa kabla hujafika chumbani.

*Watoto.* Shati lenye kola na suruali safi kwa mvulana, gauni la Idi au la Krismasi kwa msichana. Usimnunulie mtoto suti atakayoimwagia mchuzi usiku wa kwanza.

Hatua ya 5: Nguo za jioni nyingine na za mchana

Jioni za kawaida ni rahisi: shati lenye kola au fulana ya kola kwa mwanamume, suruali ndefu au jinzi isiyochanika, viatu vilivyofunga. Mwanamke gauni la kawaida, au sketi na blauzi. Katika ukumbi mkuu wakati wa chakula cha jioni epuka nguo za kuogelea, vesti za kwapa wazi kwa wanaume, kaptura za mazoezi, ndala na kapelo.

Mchana vaa utakavyo, ila usiingie bufe umelowa au peku. Kanga na kikoi zinafanya kazi hapa kuliko kitu chochote kinachouzwa madukani: zinafunika, zinakauka haraka, hazichukui nafasi. Ila soma jina la kanga kabla ya kuibeba. Wahudumu wanaojua Kiswahili wapo, na kanga yenye maneno ya mafumbo makali itasomwa. Kwa wanaoogelea wamejisitiri, chagua vazi lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea, maana pamba nzito haifai bwawani.

Hatua ya 6: Nguo za bandarini

Ukishuka ngazi ya meli, kanuni ya meli inabaki nyuma yako na unaingia kwenye kanuni ya nchi.

Safari za Ghuba hupita Dubai, Abu Dhabi, Doha na Muskati. Msikiti wa Sheikh Zayed huko Abu Dhabi na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos huko Muskati inataka mwanamke afunike kichwa, mikono na miguu hadi vifundoni, na mwanamume asivae kaptura. Nguo ya kubana au inayoonyesha mwili itarudishwa mlangoni. Meli za Bahari ya Mediterania zinazotia nanga Civitavecchia hupeleka watu Roma, na Kanisa la Mtakatifu Petro linataka mabega na magoti yafunikwe. Istanbul, ukiingia Msikiti wa Buluu utavua viatu, na mwanamke atajifunika kichwa. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza shida hizi zote. Meli ikifika Mji Mkongwe, Zanzibar, huhitaji kufundishwa; wafundishe wenzako wa mezani.

Tahadhari kubwa ni nguo za mabaka ya jeshi. Barbados, Jamaica, na Trinidad na Tobago ni kosa la kisheria kwa raia kuzivaa, hata mtoto, hata mkoba. Usizifungashe kabisa.

Hatua ya 7: Funga sanduku

1. Chagua rangi moja ya msingi, nyeusi au buluu, kila kitu kiendane nayo.
2. Kwa usiku saba: suti moja au vazi moja la asili, mashati matatu, suruali mbili. Kwa mwanamke, nguo mbili za usiku rasmi na tatu za jioni nyingine.
3. Viatu jozi tatu tu: vya jioni, vya kutembea, vya bwawani. Soksi zijaze ndani ya viatu.
4. Koti ligeuze ndani nje, ulikunje juu ya kitu laini, uliweke juu kabisa.
5. Ongeza sindano, uzi, vifungo viwili, pini na henga nyembamba tatu.
6. Usibebe pasi, wala kile kifaa cha kunyoosha nguo kwa mvuke. Vinakatazwa vyumbani kwa hofu ya moto, na vitazuiliwa kwenye ukaguzi.

Hatua ya 8: Siku ya kupanda

Sanduku kubwa utalikabidhi bandarini, na linaweza kufika mlangoni pako jioni. Kwa hiyo begi la mkononi liwe na dawa, pasi ya kusafiria, nguo ya kuogelea, na nguo kamili ya chakula cha usiku wa kwanza. Kama una vazi moja tu la gala lisilo na mbadala, nalo libebe mkononi. Sanduku likifika, toa nguo za jioni zote na uzitundike usiku huohuo.

Hatua ya 9: Siku ya usiku rasmi

Asubuhi thibitisha kwenye programu ya siku, kwa maana ratiba hubadilika hali ya hewa ikibadilika. Nguo inayohitaji pasi ipeleke kwa dobi wa meli jana yake. Siku yenyewe kila mtu ana shati mkononi. Hulipishwa kwa kila nguo, soma bei kwanza. Baadhi ya meli, kama za Cunard, zina chumba cha kufulia chenye pasi ambacho mgeni anajihudumia, na foleni yake huanza mchana. Mikunjo midogo itundike bafuni, fungua maji ya moto dakika kumi, funga mlango.

Toka nusu saa kabla ya zamu yako. Wapiga picha watakuwa wametega mandhari kwenye njia. Kupigwa ni bure, kununua ndiko kunakolipiwa, kwa hiyo simama bila wasiwasi. Kwenye hafla ya nahodha, kama hutumii kileo, omba juisi. Ipo daima.

Mambo yakienda kombo

*Sanduku halikufika na leo ni gala.* Ripoti kwenye dawati la huduma kwa wageni ukiwa na kipande cha lebo ya mzigo, kisha mweleze msimamizi wa ukumbi mapema, kabla ya saa ya chakula. Tuliwaingiza watu wa namna hiyo kila mara. Anayefika bila kueleza ndiye anayesimamishwa.

*Nimezuiwa mlangoni.* Usibishane na mhudumu; yeye hakuitunga kanuni. Uliza kwa upole ni kitu gani hasa. Mara nyingi ni kaptura au ndala tu, na kumbi nyingi zitakupokea ukirudi umebadilisha.

*Suruali haifungi siku ya tano.* Bufe imefanya kazi yake. Ndiyo maana umwambie fundi aache kitambaa cha akiba kwenye mshono wa kiuno. Kama hakuacha, pitisha mpira wa nywele kwenye tundu la kifungo, uuzungushe kwenye kifungo, koti litaficha.

*Zipu imekatika.* Mwite mhudumu wa chumba chako. Asipojua kushona, anamjua anayejua.

*Nimevaa kuliko wote.* Vua tai, iweke mfukoni, endelea kula.

*Nimevaa chini ya wote.* Mwanamke ajitande mtandio wake na avae hereni. Mwanamume afunge vifungo vya shati na akaombe koti kwa ndugu wa zamu ya kwanza. Nimeona koti moja likila chakula mara mbili kwa usiku mmoja.

*Asubuhi ya mwisho sina nguo.* Hili hutokea kila safari. Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango na kuondolewa, na mtu aliyefungasha kila kitu anaamka na nguo za kulalia tu. Kabla ya kulitoa sanduku nje, tandika kitandani nguo za kesho kuanzia za ndani hadi viatu, uzihesabu, ndipo ufunge zipu.